Daktari wa Meno Anapougua: Njia Nne za Kumsaidia, na Ipi Inatufaa

Daktari wa meno akianza kunywa kidogo kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, au sonona ikimkaba hadi kufungua mlango wa kliniki kunakuwa mzigo, kinachomchelewesha kutafuta msaada kwa kawaida ni swali moja: nani atajua? Kwamba tiba ipo anafahamu, maana yeye mwenyewe ni mtabibu. Asilolijua ni kama atakayomwambia mshauri yataishia chumbani au yatafika kwenye baraza lililompa leseni, na kutoka hapo kwa mwajiri, kwa wagonjwa na kwa mtaa mzima.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata swali hilo. Ziko njia nne ambazo nchi mbalimbali zimezijaribu: baraza kushughulikia ugonjwa lenyewe, kliniki iliyo nje ya baraza, mkataba wa uangalizi wa miaka, na simu ya msaada. Nimeandika nikiwafikiria watu wawili. Wa kwanza ni kiongozi wa chama cha madaktari wa meno, awe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, anayetaka kuanzisha kitu kwa ajili ya wenzake. Wa pili ni daktari mwenyewe, pengine mwenzetu aliyeajiriwa Leeds, Uingereza, au Perth, Australia, anayetaka kujua agonge mlango upi.

Mzigo wa kazi yenyewe

Kazi hii ina uzito wake wa pekee. Mtu anafanya kazi peke yake na msaidizi mmoja ndani ya chumba kidogo, shingo imeinama, macho yamekazwa kwenye kitundu cha milimita chache, na mbele yake amelala mtu mwenye hofu. Maumivu ya mgongo na shingo huanza mapema. Wengi ndio wenye kliniki, tena wamekopa ili kununua kiti na mashine ya eksirei. Siku asipofanya kazi haingizi kitu, ilhali kodi ya pango na mishahara ya wasaidizi haisubiri. Daktari wa magonjwa ya ndani ambaye mkono unamtetemeka bado anaweza kumsikiliza mgonjwa na kuandika dawa. Daktari wa meno mkono ukimtetemeka, kazi imesimama.

Uingereza walijaribu kuupima mzigo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika British Dental Journal uliwauliza madaktari wa meno zaidi ya 2,000. Asilimia 54.9 walisema msongo wa kazi yao ni mkubwa, asilimia 43.8 walisema umewazidi nguvu, na asilimia 17.6 waliwahi kufikiria kwa dhati kujiua. Karibu mtu mmoja kati ya sita. Hofu ya kulalamikiwa na kushtakiwa ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaelemea zaidi.

Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2015 jarida la BMJ Open lilichapisha utafiti wa madaktari 7,926 wa Uingereza: waliokuwa na malalamiko wakati ule, au waliokuwa wametoka kuyamaliza, walikuwa na uwezekano wa kupata sonona ya wastani hadi kali uliozidi wa wenzao kwa asilimia 77. Baraza la madaktari la huko, GMC, lilipopitia mafaili yake ya kati ya 2005 na 2013 lilikuta madaktari 28 waliojiua, au waliodhaniwa kujiua, wakiwa katikati ya uchunguzi. Nchini Australia, mamlaka inayosimamia wataalamu wa afya, Ahpra, ilipitia miaka ya 2018 hadi 2021 ikakuta wataalamu 20 waliojiua, au waliojaribu kujiua au kujidhuru, wakiwa mikononi mwake, na 16 kati yao walifariki. Mabaraza hayo yalijichunguza yenyewe na kuyaweka matokeo hadharani. Nayaheshimu kwa hilo, na ningependa kuona mabaraza ya kwetu yakifanya vivyo hivyo.

Hata hivyo sitetei baraza kulegezwa. Mgonjwa aliyelala kwenye kiti, mdomo wazi na ganzi imeshika, hana namna ya kujua kama aliyeshika mashine amelala usiku au amelewa. Lazima awepo mtu wa kumlindia haki yake. Tunachochagua hapa ni namna ya kumlinda mgonjwa bila kumfanya daktari aufiche ugonjwa mpaka uwe hatari kwa wote wawili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kabla ya kumlaumu anayeficha tuangalie hesabu anayoipiga: akisema anaweza kupoteza leseni, akinyamaza anapata mwezi mwingine wa kulipa mkopo. Njia nzuri ni ile inayoibadilisha hesabu hiyo.

Njia ya kwanza: baraza lenyewe

Mfano ulio wazi zaidi ni wa General Dental Council, baraza la madaktari wa meno la Uingereza, GDC, inayofanya kazi chini ya sheria ya madaktari wa meno ya 1984. Sheria hiyo imetenga sababu za mtu kuonekana hafai kuendelea na kazi. Utovu wa nidhamu ni sababu moja, utendaji duni ni nyingine, hukumu ya jinai ni nyingine, na afya mbaya ya mwili au akili inasimama peke yake. Kesi ya afya ina kamati yake, na kwa kawaida husikilizwa faragha. Kama tatizo ni ugonjwa peke yake, kamati haiwezi kuanza kwa kumfuta mtu kwenye rejista. Inaweza kumwekea masharti ya hadi miaka mitatu, kwa mfano awe chini ya uangalizi wa daktari na asifanye kazi peke yake, au kumsimamisha kwa hadi miezi 12 kisha shauri lipitiwe upya. Tangu 2016 wapo pia wachunguzi wa mashauri wanaoweza kukubaliana na daktari juu ya ahadi za maandishi, kesi ikaisha bila kufika mbele ya kamati.

Kutenganisha huku ni jambo kubwa. Pale ambapo sheria haijatenganisha, mgonjwa na mkosaji wanaingia mlango mmoja na kutoka na jina moja. Wabunge na wanasheria wetu wakitaka kuiga kitu kimoja tu kutoka London, waige hiki.

Lakini kama njia ya msaada, baraza lina kasoro ambayo haiondoki hata watumishi wake wawe wema kiasi gani: linafika likiwa limechelewa. Mpaka faili lifunguliwe, tayari kuna mgonjwa aliyeumia, mwajiri aliyeripoti au polisi waliomsimamisha barabarani. Tena barua inayokuja ni barua ya uchunguzi, na shauri linalofika kwenye kamati linaweza kumshikilia mtu kwa zaidi ya mwaka. Halafu kuna mashauri yaliyochanganyika. Aliyelewa akaendesha gari, au aliyeiba dawa za kutuliza maumivu kwenye kabati la kliniki, ni mgonjwa na pia ana kosa, na shauri la namna hiyo mara nyingi huangukia kwenye kamati ya mwenendo inayokaa hadharani.

GDC wenyewe wanalielewa hili. Viwango vyao vya 2013 vinasema kwamba ukijua au ukishuku kuwa afya yako inaweza kuwahatarisha wagonjwa, umwone mara moja mwenzako mwenye sifa zinazofaa na ufuate ushauri wake. Tazama nani ametajwa kwanza: mwenzako mwenye ujuzi, kabla ya baraza. Hapo ndipo njia ya pili inapoanzia.

Njia ya pili: kliniki iliyo nje ya baraza

Mwaka 2000 daktari mmoja wa magonjwa ya akili mjini London, aliyekuwa akiugua maradhi hayo hayo anayotibu, alifariki pamoja na mtoto wake mchanga. Uchunguzi rasmi uliofuata ulionyesha jinsi daktari anavyoweza kukosa tiba stahiki kwa sababu ya kuogopa aibu na kuogopea kazi yake. Katika msukumo uliotokana na hayo ndipo mwaka 2008 ilipoanzishwa London huduma maalumu ya madaktari na madaktari wa meno, ikiongozwa na Dkt. Clare Gerada. Leo inaitwa NHS Practitioner Health, kwa jina la huduma ya afya ya taifa, NHS, na imekua kutoka mji mmoja hadi kuhudumia England yote.

Daktari anajipeleka mwenyewe, halipi kitu, na anatibiwa na watu waliozoea kutibu watabibu. Uzoefu huo una thamani kubwa. Tabibu akiugua ni mgonjwa mgumu: anajipima, anajiandikia dawa, anapunguza dalili anapojieleza na kuzieleza kwa lugha ya kitaalamu ili zionekane nyepesi. Mganga hajigangi, lakini wengi hujaribu kwanza. Anayemtibu lazima aijue michezo hiyo na asiogope kumwambia mwenzake wazi kwamba kesho haendi kazini.

Kuhusu nani atajua, jibu la huduma hii liko kwenye makubaliano ya maandishi na mabaraza. Ugonjwa hauripotiwi kwa kuwa ni ugonjwa. Baraza huambiwa pale ambapo wagonjwa wako hatarini na mhusika amekataa ushauri, mathalani ameambiwa asimame kazi na bado anaingia kliniki. Naye anaelezwa hivyo siku ya kwanza. Kwa maoni yangu, utaratibu huo wa kueleza mapema ndio siri ya njia hii. Mtu anaweza kuvumilia sharti gumu. Asichokivumilia ni kutojua sharti liko wapi.

Udhaifu wake ni fedha. Inategemea bajeti ya serikali, na mwezi wa Aprili 2024 NHS England ilitangaza kwamba madaktari wa hospitali hawatapokelewa tena kama wagonjwa wapya. Madaktari walipaza sauti, na siku chache baadaye uamuzi ukarudishwa nyuma. Ulirudishwa, ndiyo, lakini kila aliyekuwa akijishawishi kupiga simu wiki ile alijifunza kwamba mlango unaweza kufungwa.

Ireland walichukua njia hiyo hiyo kwa umbo dogo, na hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wakae kidogo. Practitioner Health Matters Programme ilianza 2015 kama shirika la hisani lililo huru. Inawahudumia madaktari, madaktari wa meno na wafamasia kwa pamoja, na ina makubaliano na mabaraza ya fani hizo. Nchi ndogo haiwezi kuendesha kliniki tatu kwa fani tatu, na pia haihitaji. Ukichanganya fani unapata wagonjwa wa kutosha kumfanya mtabibu awe mzoefu, na unapata faida nyingine ambayo haisemwi sana: daktari wa meno akionekana anaingia pale, anayemtibu huenda ni mtu wa fani nyingine kabisa ambaye hawakusoma naye.

Njia ya tatu: mkataba wa uangalizi

Marekani kila jimbo lina bodi yake, na majimbo mengi yana programu ya afya ya wataalamu iliyozaliwa kutokana na tatizo la ulevi na dawa za kulevya. Washington Physicians Health Program, licha ya jina lake, inawapokea madaktari wa meno. Florida wana Professionals Resource Network. Anayeingia hutia saini mkataba, kwa uraibu aghalabu wa miaka mitano. Anakubali vipimo vya mkojo vya kushtukiza, vikao vya kikundi, na mtu kazini wa kutoa taarifa juu yake. Akitimiza, bodi humwacha afanye kazi, na mara nyingi haimjui hata kwa jina. Akivunja, jina linakwenda bodini.

Kwa uraibu, matokeo yake ni mazuri kuliko karibu yote ninayoyafahamu. Utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2008 uliwafuatilia madaktari 904 kutoka programu 16. Baada ya miaka mitano, karibu wanane kati ya kumi ambao taarifa zao zilipatikana walikuwa na leseni na wako kazini. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na ndugu mraibu, akamwona akienda soba hausi na kurudi tena na tena, ataelewa namba hiyo ina uzito gani.

Lakini tuangalie inavyofanya kazi. Nguvu yake inatokana na leseni kushikwa rehani. Daktari akiambiwa akalale miezi kadhaa kwenye kituo fulani, tena kwa gharama yake, anaweza kukataa kwenye karatasi tu; akikataa kweli, programu itaiarifu bodi. Mkaguzi wa serikali ya jimbo la North Carolina aliichunguza programu ya jimbo lake mwaka 2014. Hakukuta ushahidi wa watu kuonewa, ila alikuta kwamba daktari asiyekubaliana na tathmini hakuwa na njia madhubuti ya kukata rufaa kwa mtu asiyehusika. Programu yenye uwezo wa kumsimamisha mtu kazi lakini isiyo na rufaa inategemea wema wa waliomo, na wema si utaratibu.

Kuna jambo lingine. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya pombe na afyuni hakimfai mtu mwenye sonona, wala aliyechoka kupita kiasi kwa kazi, wala aliyefiwa na mke. Kumpima mkojo mtu wa namna hiyo ni kumwongezea fedheha juu ya huzuni.

Njia ya nne: simu

Australia wana Dental Practitioner Support, simu ya bure inayopokelewa usiku na mchana. Inagharimiwa na baraza la meno la huko, Dental Board, maana yake ni ada za usajili za wataalamu wenyewe, lakini waendeshaji wako huru na baraza, na unaweza kupiga bila kutaja jina. Imefunguliwa kwa fani zote za kinywa na meno: madaktari, matabibu, watengenezaji wa meno ya bandia, pamoja na wanafunzi. Hilo la wanafunzi nalipenda sana. Mazoea ya kuficha huanza chuoni, mtu anapoogopa kwamba mwalimu atakayemsahihisha kwenye kiti ndiye huyo huyo atakayesikia kwamba hajalala siku tatu.

Ni njia rahisi kuanza na nafuu kuendesha, ila ina mpaka wake. Sauti ya simu haiandiki dawa, haitoi cheti cha mapumziko, na haiwezi kumwambia mwajiri kwamba mtu amepona na anafaa kurudi. Inasikiliza, inatuliza, inaelekeza. Kama hakuna mahali pa kuelekeza, mpigaji anakata simu akiwa pale pale alipokuwa.

Simu hiyo pia iko chini ya kivuli cha sheria ya huko inayowalazimu wataalamu kuripotiana. Wengi wanaiogopa kuliko inavyosema. Anayelazimika kuripotiwa ni yule ambaye ugonjwa wake unaathiri kazi kiasi cha kuwaweka watu hatarini. Daktari mwenye sonona anayetibiwa na kufuata ushauri hayumo. Tangu Machi 2020, katika sehemu kubwa ya nchi, daktari anayemtibu mtaalamu mwenzake amewekewa kiwango cha juu zaidi cha hatari kabla ya kulazimika kuripoti, na jimbo la Western Australia limemwondolea kabisa wajibu huo. Mabadiliko hayo yalikuja kwa sababu watu walikuwa wakikwepa tiba. Sheria inayomtisha mgonjwa asiende kwa daktari haimlindi mgonjwa wa yule mgonjwa.

Fedha, na muda wa kupona

Kuhusu nani analipa, tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kliniki ya England inalipwa na serikali, ya Ireland na michango, simu ya Australia na ada za wanachama. Marekani mhusika hujilipia sehemu kubwa, kuanzia vipimo hadi kulala kituoni. Kijana aliyemaliza chuo juzi na mwenye kliniki tatu hawabebi mzigo huo sawa.

Na tiba ya bure bado haimlipi aliyefunga kliniki kwa miezi minne. Nchini Uingereza chama cha madaktari wa meno kilianzisha mfuko wake wa kusaidiana tangu 1883, na upo hadi leo: husaidia mahitaji ya nyumbani mtu anapougua. Naona vyama vyetu vinaweza kuanza hapa hata kabla ya kuwa na kliniki, kwa sababu kuchangiana tunakujua. Tunachangiana misiba na harusi kila wiki; mfuko wenye kanuni, unaolipa bila jina kutangazwa kwenye kundi la WhatsApp, ni hatua moja tu zaidi.

Funzo la VVU

Kuna ugonjwa mmoja unaoonyesha vizuri nini hutokea usimamizi unapobadilika. Mwaka 1990 Marekani iliripoti mgonjwa aliyeonekana kuambukizwa VVU na daktari wake wa meno huko Florida, na hofu ikaenea dunia nzima. Uingereza kwa miaka mingi ilimzuia mtaalamu mwenye VVU kufanya kazi zinazoweza kuchanganya damu yake na ya mgonjwa. Kwa daktari wa meno marufuku hiyo ilikuwa karibu sawa na kufukuzwa, maana hata kung'oa jino kumo katika kazi hizo. Matokeo yake yanaeleweka: kupima kuligeuka kuwa hatari kwa ajira.

Mwaka 2014 kanuni zikabadilishwa. Anayetumia dawa za kufubaza, virusi vyake vikiwa chini ya 200 kwa mililita na vikipimwa mara kwa mara, anaruhusiwa kufanya kazi chini ya uangalizi wa kitabibu. Mgonjwa analindwa na kipimo, na daktari analindwa na kipimo hicho hicho. Sasa kupima kunamfaa kila mtu.

Nimeliweka hapa kwa sababu kwetu VVU ni jambo la nyumbani, na wahudumu wetu huchomwa sindano kazini. Lakini mantiki yake inakwenda mbali zaidi ya VVU. Weka kigezo kinachopimika, kiseme wazi, na umruhusu anayekitimiza afanye kazi. Ndivyo inavyoweza kufanyika kwa kifafa, kwa kisukari kinachoshusha sukari ghafla, na kwa uraibu.

Ipi inatufaa

Kenya ina Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Tanzania Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na fani shirikishi. Kote kuwili madaktari na madaktari wa meno wako chini ya paa moja. Kwa hiyo umbo la Ireland linatukaa: kliniki moja ndogo iliyo huru, ya fani zote, yenye makubaliano ya maandishi na baraza. Mbele yake iwekwe simu kama ya Australia. Mkataba wa vipimo wa Kimarekani ubaki kwa ajili ya uraibu peke yake, na uandikwe ukiwa na rufaa kwa mtu asiyehusika. Kuhusu baraza kuendesha msaada lenyewe, mimi ningekataa hata likiwa na fedha. Libaki na kazi yake ya kumlinda mgonjwa, na litenge njia ya afya na njia ya nidhamu.

Ugumu wetu mkubwa ni udogo wa fani. Madaktari wa meno waliosoma Muhimbili wanajuana, waliosoma Nairobi wanajuana, na sauti kwenye simu hutambulika kabla jina halijatajwa. Ningependekeza vyama vibadilishane wasikilizaji kuvuka mpaka: anayepiga kutoka Mwanza asikilizwe Nairobi, wa Kisumu asikilizwe Dar es Salaam. Kiswahili kinaliwezesha hilo bila gharama ya ziada. Tiba yenyewe, ikihitajika, itolewe na wenye leseni ya nchi alipo mgonjwa.

Sheria nazo ziangaliwe mapema. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina ya 2022, na zote mbili zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Makubaliano na baraza yaegemee hapo. Jambo zito zaidi ni kujaribu kujiua. Mahakama Kuu ya Kenya, Januari 9, 2025, iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jambo hilo kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kosa hilo limo, kifungu cha 217. Huwezi kumwomba mtu aliye kwenye hali hiyo aongee wazi huku maneno yake yakiweza kuwa ushahidi wa jinai. Wanaoandika mradi wa kliniki Tanzania wawaone wanasheria kabla ya kutafuta jengo.

Kwa daktari anayesoma haya akiwa na shida sasa: kama unafanya kazi England, Practitioner Health inakupokea bila kupitia kwa mwajiri; Australia, simu ile ipo hata saa tisa usiku. Ukiwa nyumbani, mwone daktari wa magonjwa ya akili asiyefanya kazi hospitali yako, hata kama ni kusafiri mkoa mwingine, na usijiandikie dawa. Kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, mwambie mtu mmoja leo, kaa naye, na uende hospitali iliyo karibu bila kungoja miadi. Kama mkono au kichwa hakiko sawa, ahirisha wagonjwa wa kesho. Kuahirisha si kukiri kosa.

Kwa mabaraza nina ombi moja linaloweza kutekelezwa kabla ya kliniki yoyote kujengwa. Barua ya kwanza ya malalamiko anayotumiwa daktari itaje jina la ofisa mmoja wa kuulizwa, ieleze hatua inayofuata na lini, na iwe na namba ya mtu wa kuzungumza naye ambaye hafanyi kazi kwenye baraza hilo. Isitumwe Ijumaa jioni, mtu akabaki nayo siku mbili na hakuna ofisi ya kupigia.